Sumaku ya binti yangu imeniletea neno na shemeji

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Kisumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 41. Mume wangu alifariki mwaka 2019. Aliniachia duka karibu na soko la Kibuye, na hadi leo ndilo linalotulisha. Nauza mikebe mitupu yenye vifuniko. Wateja wangu wengi ni akina mama na vijana wanaosaga siagi ya njugu, wanaofungasha asali, wanaotengeneza mishumaa na mafuta ya kujipaka. Wanakuja kutoka Kakamega, Busia, Homa Bay, na mmoja hutuma pesa kutoka Nakuru nikampakilia kwenye matatu. Mikebe iliyochorwa maua hununuliwa na watu wa majumbani kuwekea sukari na majani chai. Kando ya hiyo, nauza waya wa lehemu kwa mafundi wa redio na simu. Vyote naagiza China.

Sasa nikueleze kuhusu shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tulipomaliza matanga, kulikuwa na ndugu waliotaka duka ligawanywe. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema, "Duka ni la watoto wa ndugu yangu, na atakayeligusa ataanza na mimi." Mshauri, maneno hayo siwezi kuyasahau mpaka naingia kaburini. Mwaka wa pili aliniongezea mtaji. Halafu akaniambia niache kununua kwa jumla Nairobi, niagize mwenyewe, yeye atashughulikia mambo ya bandari, kwa sababu ndiyo kazi yake. Leseni yake mwenyewe hana. Hupeleka karatasi kwa kampuni moja ya Mombasa, nayo ndiyo inayoingiza kwenye mtandao wa forodha. Mwenye kampuni hiyo sijawahi kumwona kwa macho.

Tumeleta kontena tatu namna hiyo. Mimi natoa pesa, yeye anakuja na lori.

Mwezi uliopita, binti yangu wa kidato cha nne alikuwa mezani akidurusu kemia. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu ya babake. Akaisogeza karibu na mkebe wangu wa maonyesho, ikadakwa, tap! Akaniangalia. "Mama, hizi si za bati. Bati halishikwi na sumaku. Hiki ni chuma." Nikacheka, nikamwambia dunia nzima inaita mkebe wa bati, asiniletee vitabu jikoni. Lakini neno lile halikunitoka. Usiku nilikuwa natafuta risiti ya karo kwenye faili, nikakutana na tamko la forodha la kontena ya pili. Mikebe yangu imeandikwa namba inayoanza na 8007, na maelezo yake ni bidhaa nyingine za bati. Lehemu nayo ina 8003.

Nikampigia kijana mmoja wa kanisani kwetu anayefanya kazi ya mizigo mpakani Malaba. Akaniambia katika orodha ya forodha Sura ya 80 ni ya bati lenyewe, mikebe yangu ni chuma kilichopakwa bati, na mahali pake ni Sura ya 73, ambako ushuru unaweza kuwa wa juu zaidi. Kisha akasema kitu kilichoniondolea usingizi: "Mama, siku wakija hawatamtafuta shemeji. PIN, ile namba ya mlipa kodi, ni yako."

Si hayo tu. Kwa kontena hiyo ya pili nilimpa shemeji laki nne na themanini, akaniambia ni za "ushuru na kila kitu". Karatasi ya malipo niliyoikuta inaonyesha laki mbili na ishirini zilizoingia serikalini. Sijui hizo nyingine zilienda wapi.

Nilimuuliza, polepole, tukiwa wawili dukani. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Shem, namba ni namba tu. Mizigo ilitoka, umeuza, watoto wamesoma. Unataka nini tena?" Akachukua kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo haji kula kwangu Jumapili. Mama mkwe amenipigia mara mbili kuniuliza nimemfanyia nini mwanawe. Huyo mama anaishi kwa dawa za presha, na anayezinunua ni shemeji.

Kontena ya nne imeshaondoka China, itafika Mombasa baada ya wiki chache, na karatasi anazo yeye. Rafiki yangu mmoja ananiambia ninyamaze, miaka itapita. Mwingine ananiambia niende forodha nikamtaje kabla hajanitumbukiza shimoni. Nikinyamaza, naona nawalea watoto kwa pesa isiyo safi. Nikisema, namchoma mtu aliyenisimamia nikiwa sina wa kunisimamia.

Nifanye nini?

Mwenye mikebe, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mwenye mikebe,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilienda jikoni nikachukua mkebe wangu wa majani chai, nikaugusisha sumaku inayoshikilia karatasi kwenye friji. Ukadakwa vilevile. Kwa hiyo binti yako nampa heko kwanza, kabla ya mengine yote. Asidhani kwamba ameleta ugomvi nyumbani. Kitu kilichokuwa kimelala kwenye faili kingeamka siku yoyote, na ni afadhali kimeamshwa na mtoto wako mezani kuliko kuamshwa na barua ya madai.

Umeniandikia juu ya namba, juu ya pesa na juu ya mtu, na nadhani yote matatu yamekukaa kifuani kama jambo moja: kwamba namba ni ya uongo, kwa hiyo pesa ililiwa, kwa hiyo shemeji si mtu uliyemdhania. Nakuomba tuyatenganishe kidogo. Huenda mwishoni ukayaunganisha tena mwenyewe, lakini uyaunganishe ukiwa umeyaangalia.

Tuanze na namba. Orodha ya HS, ile inayotumiwa na forodha karibu kote duniani tangu 1988 chini ya Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels, huipa kila bidhaa tarakimu sita, na Afrika Mashariki tunaongeza mbili ziwe nane. Sura ya 80 ni ya bati. Ni sura fupi sana. Tangu 2007 imebaki na vichwa vinne tu. Kuna bati ghafi kwenye 8001, chakavu kwenye 8002, fito na waya kwenye 8003, na vitu vingine vyote vilivyotengenezwa kwa bati kwenye 8007, kama bilauri na sahani zinazofuliwa kwa madini hayo. Ni madini yanayochimbwa hapa jirani, Rwanda na mashariki mwa Kongo, laini, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Sasa chukua mkebe wako. Ni bamba la chuma lililopakwa bati jembamba mno ili lisishike kutu. Katika mkebe wa kawaida bati hilo halifiki hata asilimia moja ya uzito. Forodha huangalia kitu kimeundwa na nini, haiangalii kimepakwa nini, na chuma kilichofanyizwa kopo kiko Sura ya 73. Kijana wa Malaba hakukudanganya.

Lakini tazama hapa, dada. Katika Kiswahili chetu bati ni yale madini, na mabati ni yale ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki wala hayana bati ndani. Tunasema mkebe wa bati, debe la bati, nyumba ya bati. Na sidhani ankara ya yule Mchina imeandika chuma popote. Wauzaji wa mikebe huko huandika kwa Kiingereza jina lilelile la mazoea linalomaanisha bati. Mtu akipokea ankara inayosema bati, akafungua orodha akakuta sura nzima yenye jina hilo, kalamu itamwelekeza wapi? Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema inawezekana, na wewe hujajua bado. Kunyamaza kwake dukani umekusoma kama kukiri. Watu hunyamaza kwa hatia, ni kweli, na hunyamaza pia wakigundua kwamba wamekosea mbele ya mtu wanayetaka awaheshimu.

Tena hata ndani ya Sura ya 73 njia haijanyooka. Mikebe ya kufungashia bidhaa huenda 7310, na humo ndani wanatenganisha ile inayofungwa kwa kulehemu au kukunjwa ukingo kiwandani na ile ya kifuniko cha kubandua kwa mkono kama yako. Lakini mikebe ya nyumbani, ya kuwekea sukari, chai na biskuti, hiyo huhesabiwa vyombo vya jikoni na kupelekwa 7323. Wewe mwenyewe umeniambia unauza kwa msaga njugu, na unauza yenye maua kwa mtu wa nyumbani. Yaani huenda kontena moja ina namba mbili tofauti kwa mikebe inayofanana umbo. Ofisa anaweza kuona hivi, wewe ukaona vile, na hakuna kati yenu aliye mwongo.

Lehemu ndiyo iliyonivutia zaidi. Fanya hivi leo: kata kipande cha waya kwa wembe, ukitazame mwishoni penye mwanga wa dirisha. Ukiona tundu dogo katikati lenye utomvu wa manjano, huo ni waya wenye dawa ya kulehemu ndani, na mahali pake ni 8311, si Sura ya 80. Ukiona umejaa mpaka katikati, soma kibandiko cha gurudumu. Kanuni ya madini yaliyochanganywa ni kwamba mchanganyiko hufuata madini yenye uzito mkubwa. Kikisema 60 bati na 40 risasi, ni bati, na shemeji aliandika sawasawa. Kikisema 40 bati na 60 risasi, basi ni Sura ya 78, ya risasi. Unaona? Katika tamko hilohilo unalolitazama kama ushahidi wa wizi, huenda kuna mstari ulio sahihi kabisa. Na ikitokea namba sahihi ingekugharimu kidogo kuliko ulicholipa, sheria inakuruhusu kudai kurudishiwa ndani ya miezi 12 tangu ulipolipa.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, nataka ulijue kwa hesabu, maana hofu isiyo na tarakimu hukua usiku. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vina ngazi nne tangu Julai 2022: sifuri, 10, 25 na 35 kwa mia. Ngazi za chini ni za malighafi na bidhaa nusu, za juu ni za bidhaa zilizokamilika, na baadhi ya bidhaa za chuma ziko kwenye ile ya 35. Juu ya ushuru kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 16 kwa mia, inayotozwa kwenye thamani pamoja na ushuru, kisha ada ya tamko la uagizaji ya 2.5 kwa mia na tozo ya reli ambayo tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 2 kwa mia. Chukua mzigo wa thamani ya shilingi milioni moja, bima na nauli ya meli ndani yake. Kwenye ngazi ya sifuri utalipa jumla 205,000. Kwenye ngazi ya 25 utalipa 495,000. Tofauti ni 290,000 kwa mzigo mmoja. Huu ni mfano wa kukuonyesha ngazi inavyouma. Ngazi halisi ya kila namba yako itazame kwenye kitabu cha viwango, toleo la mwaka ule mzigo ulipoingia, kwa sababu hubadilika na kila Juni hutoka matangazo ya nyongeza.

Sasa laki nne na themanini. Hapa nitasema na wewe kama ndugu. Wewe umeweka pembeni karatasi mbili, ulichotoa na kilichoingia serikalini, ukaona shimo la 260,000. Lakini mzigo hautoki Mombasa kwa ushuru peke yake. Kuna malipo ya kampuni ya meli, kuna ya bandari ya kushusha na kuhifadhi, kuna dhamana ya kontena mpaka irudishwe tupu, kuna ujira wa kampuni yenye leseni, kuna lori kutoka pwani hadi Kisumu, na safari hiyo unajua urefu wake. Kwangu mimi hizo laki mbili na sitini zinaweza kuwa zimeisha zote njiani, na zinaweza kuwa hazikuisha. Kitu kimoja tu kitakwambia, nacho ni risiti, moja moja. Hata kama shemeji alijiwekea kitu cha jasho lake bila kukuambia, hilo ni kosa la kutokusema, na lina uzito wake, lakini si sawa na kuibia serikali kwa jina lako. Yaulizie kila moja peke yake.

Ila sitakuficha penye ukali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasema mwenye mali anabeba matendo na matamko ya wakala aliyemruhusu. Kijana alikuwa sahihi: PIN ni yako. Wakaguzi wanaweza kurudi kwenye tamko ndani ya miaka mitano. Ushuru uliopungua hudaiwa, na deni likishaiva na kukaa bila kulipwa, riba ni asilimia mbili kwa mwezi. Tuseme deni ni 250,000: hiyo ni 5,000 kila mwezi, 120,000 kwa miaka miwili. Na kuingiza tamko lisilo la kweli ni kosa lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kwa hiyo rafiki anayekuambia miaka itapita, nadhani anakupenda, lakini hajahesabu. Atakayeishi hiyo miaka ni wewe, ukishtuka kila simu ya namba ngeni. Wapo walioichagua njia hiyo, na wengine haikuwafika. Sijui kama wewe una kifua cha kuibeba. Barua yako inanionyesha mtu anayehesabu risiti za karo usiku.

Na yule anayekuambia ukamtaje? Namuelewa pia. Lakini tazama utakachokuwa unataja. Utakuwa unataja matamko yako mwenyewe. Huwezi kufungua mlango huo akaingia yeye peke yake. Ukienda, utaenda kama mwenye mali aliyegundua kwamba mizigo yake iliandikwa namba isiyo yake na anataka kurekebisha. Kwenda mwenyewe kabla hujaitwa kuna faida yake, na sheria inampa Kamishna wa forodha nafasi ya kumaliza jambo bila mahakama, ikiwa mtu amekiri na kuomba kwa maandishi. Siwezi kukuahidi watakupokeaje. Pengo la kontena tatu linaweza kuwa kubwa kuliko akiba yako, kampuni ya Mombasa inaweza kuulizwa juu ya leseni yake, na shemeji anaweza kukosa kazi hiyo kabisa. Kabla hujavuka hatua hiyo, kaa na mwanasheria au mtaalamu wa ushuru asiye jamaa, mwenye kampuni yenye leseni, umlipe saa yake moja ayasome matamko yote matatu. Ada hiyo usiionee uchungu.

Halafu kuna kontena iliyoko baharini. Nimeiacha hadi sasa, lakini ndiyo yenye saa inayokimbia, na ndiyo ambayo bado hujakosea. Hakuna tamko lililoingizwa. Una haki ya kusema mikebe yako iandikwe kama ilivyo: chuma, imepakwa bati, ya ujazo fulani, ya kufungashia au ya jikoni, na lehemu ielezwe ina dawa au haina, na mchanganyiko wake. Mwandikie muuzaji leo akupe ankara yenye maelezo hayo, pamoja na karatasi ya kiwanda inayoonyesha bamba ni la nini. Kwa mizigo ya mbeleni sheria inaruhusu hata kuomba uamuzi wa namba mapema, kwa maandishi, kabla hujaagiza. Kwa hii ya nne naona muda umebana. Na ofisa akikupa namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuomba Kamishna aupitie uamuzi huo, naye ana siku 30 za kukujibu. Usipotosheka bado, kuna baraza la rufaa la kodi.

Lakini nisikupe picha laini. Ukiandika ya nne sawasawa, PIN ileile, muuzaji yuleyule, bidhaa ileile, namba mpya, mtu makini anaweza kuuliza kwa nini tatu za kwanza zilikuwa vingine. Kurekebisha ya mbele kunaweza kuvuta ya nyuma. Ndiyo sababu naona mazungumzo na shemeji hayawezi kungoja meli ifike.

Umesema ulimuuliza polepole, mkiwa wawili. Ulifanya vizuri. Lakini ulimuuliza dukani, saa ya kazi, na tayari ulikuwa umeongea na kijana wa Malaba. Pengine alihisi ameshahukumiwa nje. Wewe unamfahamu, mimi namfahamu kwa barua moja tu. Je, anaweza kuja ukimwita kwa sababu ya kontena ya nne badala ya zile tatu? Umwambie, "Shem, mzigo unafika na mimi nataka kujifunza namba hizi, nisaidie." Weka mkebe mezani, weka sumaku, weka kile kipande cha waya. Mwache agusishe mwenyewe. Mtu akiona kwa mkono wake, hana haja ya kujitetea mbele yako. Huenda akasema hakujua. Huenda akasema kampuni ya Mombasa ndiyo iliyochagua. Huenda akasema alijua na alitaka kukupunguzia mzigo ukiwa mjane mwenye watoto watatu, na hilo, dada, litakuwa gumu kuliko yote kulisikia, kwa sababu litakuwa upendo uliokuweka hatarini. Jiulize kabla utamjibu nini. Huenda pia akakasirika na kuondoka tena. Akifanya hivyo, bado unaweza kumwambia, kwa heshima, kwamba karatasi za kontena ya nne zirudi mikononi mwako, kwa kuwa anayeulizwa ni wewe. Kudai karatasi zako si kumfukuza.

Mama mkwe usimwingize katika namba. Hatazielewa, na presha yake itazielewa vibaya. Lakini usimwache na ukimya pia. Mpigie umwambie mna jambo la biashara mnalitafutia njia, na kwamba mwanawe hujamfanyia kitu. Na kama unaweza, mwezi huu dawa zikikaribia kuisha, mtumie wewe. Sikuambii ulipe deni la fadhila kwa dawa. Nasema tu kwamba yale maneno aliyoyasema shemeji mbele ya wazee mwaka 2019 bado ni ya kweli, hata ikigundulika kwamba namba hazikuwa za kweli. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili. Wewe ndiye utakayejua unaweza kuishi na yote mawili kwa namna gani, na utakavyoamua kuhusu zile tatu siwezi kukuamulia kutoka hapa.

Ila waya uukate leo, kabla mafundi hawajaumaliza. Niandikie umeona nini mwishoni mwake, na kibandiko kimesema bati ngapi na risasi ngapi.

Wako,
Mshauri